Nani Amlipe Anayelea?

  

Leo nataka tuwazungumzie watu tunaowakabidhi watoto wetu asubuhi na kuwachukua kwao jioni. Namzungumzia mwalimu wa chekechea. Namzungumzia mama wa mtaani anayelea watoto wa majirani chumbani kwake ili wazazi waende vibaruani. Na namzungumzia yaya, dada anayelea mtoto ndani ya nyumba ya watu. Swali langu ni moja, na nitalirudia njiani ili tusipotezane: kwa nini kazi ya kulea na kufundisha watoto wadogo hulipwa kidogo hivi?

Tuingie darasani kwanza, tuione kazi yenyewe.

Ni saa moja na nusu asubuhi, darasa la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, shule ya msingi ya serikali, mahali popote Kwale au Kilifi. Watoto ni wengi, wana miaka minne minne. Mmoja amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na hataki kuvuliwa. Mwingine analia, mamake ndiyo kwanza amemwacha mlangoni. Wa tatu amejikojolea, amesimama pembeni, anaona haya. Mwalimu anamshika huyu mkono, anamwimbisha yule, anamtafutia wa tatu kaptura ya akiba, na muda wote huo sauti yake haijapanda. Baadaye atawafundisha kushika penseli kwa vidole vitatu, kuhesabu vizibo vya soda mpaka kumi, kungoja zamu, kusema naomba na ahsante. Saa nne atagawa uji, na atatazama nani hanywi, kwa sababu mtoto aliyemaliza kikombe juzi na leo hataki, huenda ana homa. Nani haitiki akiitwa kwa nyuma, pengine masikio yake yana tatizo? Nani amekuja na alama za kupigwa? Mambo haya mwalimu wa chekechea huyaona kabla ya daktari na kabla ya chifu.

Sasa vuka kiwanja, hatua chache tu, uingie Gredi ya Kwanza. Mwalimu wa huko ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Akishapata ajira ya kudumu ana ngazi ya mshahara inayojulikana, ana pensheni, ana chama kinachokaa mezani na mwajiri wake. Mwalimu wa chekechea yeye yuko chini ya serikali ya kaunti. Wengi wamefanya kazi miaka mingi kwa mikataba ya muda, na katika kaunti kadhaa malipo yao yalikuwa kama shilingi 10,000 kwa mwezi. Lango moja, kengele moja, mwalimu mkuu mmoja. Lakini mwisho wa mwezi walimu hawa wawili hawana wanachofanana.

Na yaya je? Serikali ya Kenya hutoa amri ya kima cha chini cha mshahara. Katika amri hiyo kazi zimepangwa kwa makundi. Kundi la kwanza, lenye malipo ya chini kuliko yote, ni la vibarua wa jumla: mfagiaji, mtunza bustani, tarishi, mlinzi wa mchana, mtumishi wa nyumbani. Humo humo ametajwa yaya wa watoto. Mwaka 2022 kundi hilo lilipangiwa shilingi 15,000 na kidogo kwa mwezi kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu, na mwaka 2024 kima hicho kikaongezwa kwa asilimia 6. Vijijini ni chini ya hapo sana. Mlinzi wa usiku ana mstari wake mwenyewe, na uko juu ya ule wa yaya. Mlinzi anastahili, anakesha kwenye baridi na hatari. Lakini nakuuliza, msikilizaji: tunapomlipa anayelinda gari zaidi ya tunavyomlipa anayelinda mtoto, tumepima nini? Na wewe na mimi tunajua kwamba hata hicho kima cha chini, nyumba nyingi hazikifikii.

Basi turudi kwenye swali. Kwa nini?

Ukiuliza barazani utapewa majibu matatu. La kwanza: ni kazi rahisi, kila mwanamke anaijua. Mimi nasema, mkabidhi anayesema hivyo watoto ishirini wa miaka mitatu, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kisha umuulize tena. La pili: hawajasoma. Si kweli. Walimu wengi wa chekechea wana cheti au diploma, na wapo wenye digrii, na karo ya masomo hayo wamejilipia. Jibu la tatu: ni kazi ya mapenzi, malipo yao yako kwa Mungu. Hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi.

Majibu haya matatu hayaligusi fundo lenyewe. Fundo liko hapa, nanyi mlishike vizuri: mshahara wa mlezi hutoka mfukoni mwa mama mwingine, na mfuko huo ni mdogo. Nasema tena. Mshahara wa mlezi hutoka mfukoni mwa mama mwingine, na mfuko huo ni mdogo.

Tuchukue mfano, tupige hesabu pamoja. Tuseme mama anafulia watu nguo Changamwe, na siku yake ikiwa nzuri anarudi na shilingi 500. Akimpa mlezi 100, ameshatoa moja ya tano ya kipato cha siku, na bado hajanunua unga, mafuta wala maji. Je, anaweza kutoa 200? Hawezi. Sasa twende kwa mlezi. Ana watoto wanane. Wote wakilipa atapata 800, lakini wawili watamwambia, "Mama, nitakupa kesho." Humo humo atoe kodi ya chumba, makaa, uji, sabuni na mitungi ya maji. Kitakachobaki ni shilingi mia chache, kwa kazi iliyoanza alfajiri na itakayoisha mama wa mwisho atakapotokea, magharibi.

Afanye nini aongeze kipato chake? Apandishe ada? Yule mama wa kufua atamtoa mtoto, atamwacha na dadake wa miaka tisa, na huyo dada ataacha shule. Aongeze watoto? Wakifika ishirini chumba kimoja, nani atamwona anayetambaa kuelekea jiko? Kwa hiyo mlezi anabaki palepale. Si mvivu, si mjinga wa biashara. Amebanwa huku na huku.

Hapa kuna jambo ambalo wachumi wamelieleza kwa muda mrefu. Mmarekani mmoja, William Baumol, alilionyesha katika miaka ya 1960. Zipo kazi ambazo chombo kipya humwezesha mtu kuzalisha zaidi kwa saa ileile. Fundi wa nguo akitoka kwenye cherehani ya kukanyaga akaingia kwenye ya umeme, atashona magauni mengi zaidi, na kipato chake kinaweza kupanda bila kila gauni kuwa ghali. Lakini mlezi wa watoto wachanga hata umpe chombo gani, ana mikono miwili na mapaja mawili. Mtoto mmoja hulishwa kwa dakika zilezile alizolishwa bibi yake. Ukitaka mlezi alipwe vizuri, lazima kila mtoto agharimu zaidi. Na kama wa kulipa gharama hiyo ni mzazi peke yake, na mzazi mwenyewe hana, mshahara hautapanda hata tukimsifu mlezi mchana na usiku.

Sasa utauliza, nani aliamua kwamba mzazi alipe peke yake? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo haya yana historia.

Baada ya uhuru mwaka 1963, shule za chekechea nchini Kenya zilienea kwa harambee. Wanakijiji walichanga mabati, wakafyatua matofali, wakamtafuta binti aliyesoma kidogo na mwenye moyo wa watoto, wakamwambia, "Tutakupa tutakachopata." Ilikuwa kazi njema, nami naiheshimu. Lakini tazama mshahara ulivyozaliwa: ulikuwa kile kilichobaki baada ya michango. Mavuno yakipatikana, anapata. Ikiwa njaa, anangoja. Mwaka 1980 Wizara ya Elimu ilikabidhiwa elimu ya chekechea, na mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha kusimamia mafunzo na mitaala yake. Mafunzo yakaja, mitaala ikaja. Mshahara ukabaki kwa wazazi.

Ikafika 2003, elimu ya msingi ikawa bila malipo. Tulifurahi sote, na watoto wakajaa madarasani. Lakini chekechea haikuwemo. Wazazi wengi wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: kama darasa la kwanza ni bure, kwa nini nilipie nasari? Baadhi wakawaweka watoto nyumbani, wakangoja umri wa darasa la kwanza. Mwalimu wa chekechea, ambaye riziki yake ilikuwa ile ada, akapoteza hata ile kidogo.

Kisha ikaja Katiba ya 2010, iliyozipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilijenga madarasa mengi, na nazipongeza, kwa sababu watoto waliokuwa wakisomea chini ya mwembe sasa wana paa. Lakini jengo lina jiwe la msingi, lina siku ya kufunguliwa, lina picha ya gavana akikata utepe. Mshahara hauna jiwe la msingi. Zaidi ya hapo, kanuni za fedha za umma zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na kaunti nyingi zimeshapita hapo. Gavana akibanwa, njia nyepesi ni kumwajiri mwalimu wa chekechea kwa mkataba mfupi na malipo madogo. Mzigo umetoka kwa mzazi, umefika kaunti, na bado aliyeinama ni mwalimu yuleyule.

Tupumue kidogo, tukumbushane tulipofika. Kwanza, kazi hii si rahisi. Pili, malipo yake ni madogo kwa sababu tuliyemtaka alipe hana. Tatu, haikutokea yenyewe, tuliipanga hivyo hatua kwa hatua.

Sasa nataka kuuliza swali jingine. Mtoto akilelewa vizuri, nani anafaidika? Mama anafaidika, ndiyo, anapata kwenda kazini moyo ukiwa umetulia. Lakini mwajiri wa mama naye anafaidika, maana mfanyakazi wake hachelewi wala hapigi simu kila saa. Likizo ya uzazi Kenya ni miezi mitatu. Mwezi wa nne, kiwanda, hoteli na ofisi vinasimama juu ya mgongo wa mlezi fulani ambaye mwajiri hajawahi hata kumjua jina. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza anafaidika, anampokea mtoto anayejua kukaa, kusikiliza na kushika penseli. Na baada ya miaka ishirini, wewe na mimi tukiwa wazee, tutatibiwa na kuendeshwa na hao hao watoto. Mchumi Nancy Folbre ameandika kwa miaka mingi kuhusu jambo hili: faida ya malezi husambaa kwa jamii nzima, lakini gharama yake hubebwa na wachache, hasa wanawake. Faida ni ya wengi, bili ni ya mmoja.

Na ndiyo maana nilisema nitarudi kwenye jibu lile la mapenzi. Tunasema, "Mwalimu yule anapenda watoto, hawezi kuwaacha." Ni kweli, hawezi. Muuza samaki akiona bei mbaya anarudisha ndoo nyumbani. Mlezi akitaka kugoma, mtoto wa miezi minane atalia, na ni yeye mlezi anayejua kilio kile ni cha njaa au cha usingizi. Yaya yuko peke yake ndani ya nyumba ya mtu. Chama cha wafanyakazi wa nyumbani kipo, KUDHEIHA, lakini kumfikia binti aliye nyuma ya geti ni kazi kubwa. Basi upendo wake unageuzwa kuwa sababu ya kumlipa kidogo. Ndugu zangu, mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Thawabu ni kwa Mungu, ujira ni kwetu sisi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na huyu anacheza kwetu, na watoto wetu.

Tazama pia yanayotokea hapa Pwani. Binti anaacha kulea watoto wa Mombasa, anapanda ndege kwenda Saudia kulea watoto wa huko, kwa sababu mshahara wa kule, pamoja na hatari zake tunazozisikia, unashinda wa hapa. Mwanawe mwenyewe anamwachia bibi kijijini Kwale. Bibi analea mjukuu akiwa na miguu inayouma, na hakuna anayemlipa. Ukiufuata mnyororo huu mpaka mwisho, utamkuta mwanamke mzee anayefanya kazi bure ili wengine wote waweze kufanya kazi ya kulipwa.

Je, kuna aliyejaribu njia nyingine? Yupo, na hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani walitaka watoto wao wapate elimu ya awali itakayowaandaa kwa shule bila kuwatenga na mafunzo ya dini yao. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, mpango wa shule za awali za madrasa ukaanza Mombasa, na mwalimu Bi Swafiya Said ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kufundisha walimu na kuzungumza na wazazi. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda. Wengi wanaukumbuka mpango huu kwa vifaa vyake vya kufundishia vya makuti, vifuu na mbegu. Mimi nataka muukumbuke kwa jambo jingine. Waliona mapema kwamba ada za wazazi maskini haziwezi kumweka mwalimu mzuri darasani. Basi wakaanzisha akiba: wanakijiji walichanga, wafadhili wakaongeza, fedha zikawekezwa kwa pamoja, na faida yake ikarudi shuleni kusaidia gharama pamoja na malipo ya walimu. Kijiji peke yake hakiwezi kumaliza tatizo kwa njia hiyo. Lakini waliligundua fundo. Walielewa kwamba lazima pesa nyingine iingie, isiyotoka kwenye mkoba wa mama.

Sasa tufanye nini? Nitaje mambo manne, kwa ufupi.

La kwanza ni la nyumbani. Kama umemwajiri yaya, lipa angalau kima cha chini kilichowekwa na sheria, mpe siku yake ya mapumziko, mwandikishe katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na bima ya afya ya jamii. Hiyo ni haki yake, usiihesabu kuwa hisani. Najua wapo watakaoniambia, "Nami mshahara wangu ni mdogo." Nakuelewa, na ndiyo sababu sikuishia hapa.

La pili ni la mwajiri. Kiwanda, hoteli au kampuni yenye akina mama wengi ichangie gharama ya malezi ya watoto wa wafanyakazi wake, kwa kuweka chumba cha kulelea au kulipa sehemu ya ada. Mwajiri anavuna, basi na apande.

La tatu ni la kaunti. Mwalimu wa chekechea aajiriwe kwa masharti ya kudumu, awe na ngazi ya mshahara na pensheni. Na wale akina mama wanaolea watoto mitaani wasifuatwe na askari wa kaunti kwa ajili ya leseni tu. Wapewe mafunzo, maji na ruzuku kwa kila mtoto, ili waweze kupokea watoto wachache na bado waishi.

La nne ni la serikali ya kitaifa. Kama taifa limekubali kumlipia mtoto wa Gredi ya Kwanza tangu 2003, sioni sababu ya kutomlipia mdogo wake wa PP1. Fedha zitengwe kwa mishahara ya walimu wa chekechea, zipelekwe kaunti, na zisiweze kugeuzwa kuwa kitu kingine.

Wasikilizaji wangu, nimalize kwa kazi ya kufanya. Kila mwaka, kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa mwezi wa Juni, kuna vikao vya maoni ya wananchi. Ni haki yenu kwa mujibu wa Katiba. Mara nyingi wanaoinuka huko huulizia barabara, visima na masoko, na hayo yote ni muhimu. Mwaka huu nawaomba wawili watatu kutoka kila wadi wasimame waulize maswali haya: walimu wetu wa chekechea ni wangapi, wangapi wana ajira ya kudumu, na kila mmoja analipwa shilingi ngapi? Ombeni majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mwaka unaofuata rudini, muulize tena, mlinganishe.

 Na mwalimu wa chekechea aliye darasani wakati huu namwambia ahsante kwa kazi.